Huruma Hiyo Yatoka Ghala ya Nani?



Leo nataka kukusimulia jambo lililonitia aibu mbele ya watu, na faida niliyoipata katika aibu hiyo. Huenda nawe siku moja utaketi kuamua neno kati ya ndugu yako na jirani yako. Basi lisikie kabla hujafika hapo.

Nilipostaafu ualimu nilichaguliwa kuwa mmoja wa wazee wanaosuluhisha magomvi kijijini kwetu. Mwaka mmoja, mahindi yalipoanza kukomaa, mpwa wangu alikuwa akichunga ng'ombe wangu. Mchana akalala usingizi chini ya mti. Ng'ombe wakaingia katika shamba la mama mmoja mjane, wakala, wakakanyaga, hata sehemu kubwa ya shamba ikaharibika. Mama yule alikuwa na watoto wanne, na shamba lile ndilo lililokuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Tukaketi kulisikiliza shauri. Kwa haki mimi nisingalikaa upande wa wazee siku ile, maana ng'ombe walikuwa wangu. Lakini nilikaa, wala hapana aliyenizuia, kwa kuwa lawama yote ilikuwa imemwangukia kijana. Naye hakukana. Alisimama ametazama chini, machozi yakimtoka. Nikamwonea huruma sana.

Nikasimama nikasema maneno mazuri. Nikamkumbusha mama yule mfano wa Bwana wetu juu ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, naye asimsamehe mwenzake deni dogo. Nikamwambia, "Mama, wewe ni Mkristu. Msamehe kijana huyu, hana kitu. Mwenyezi Mungu atakulipa."

Mama yule akanitazama, akajibu taratibu: "Mwalimu, kumsamehe nimekwisha msamehe. Lakini nauliza neno moja. Huruma hiyo unayoitoa leo, yatoka ghala ya nani? Yako au yangu?"

Watu wakanyamaza. Nami nikakosa la kusema. Shauri likaahirishwa mpaka kesho yake.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikawasha taa, nikavitoa vitabu vyangu vya zamani, nikatafuta hadithi tatu nilizopata kuzisoma. Hizo si hadithi za Wakristu. Lakini Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Basi nikazisoma bila wasiwasi, na leo nakupa nawe.

Ya kwanza ni ya Wahindu, imo katika kitabu chao kikubwa kiitwacho Mahabharata. Njiwa aliyefukuzwa na mwewe alimkimbilia mfalme Shibi, akaomba kuokolewa. Mfalme akamkubali. Mwewe naye akaja akadai kwamba njiwa yule ni chakula chake, na kwamba akinyimwa atakufa yeye pamoja na watoto wake. Mfalme akaona kuwa mwewe naye ana haki yake. Akaagiza mizani, akamweka njiwa upande mmoja, kisha akakata nyama ya mwili wake mwenyewe, akaiweka upande wa pili. Njiwa akazidi kuwa mzito. Mfalme akazidi kukata, hata mwisho akapanda mwenyewe mzima juu ya mizani. Hapo ndege wale wakajifunua kuwa ni miungu waliokuja kumjaribu.

Ya pili ni ya Wagiriki. Katika mji wao wa Locri, kusini mwa Italia, palikuwa na mtunga sheria jina lake Zaleucus, miaka zaidi ya 600 kabla ya kuzaliwa Kristu. Husimuliwa kwamba sheria yake iliamuru mzinzi atobolewe macho yote mawili. Mwanawe mwenyewe akapatikana na kosa hilo. Watu wa mji wakamsihi baba amsamehe. Akakataa kuivunja sheria, lakini pia moyo wa baba haukuweza kumpofusha mwana kabisa. Basi akaamuru litobolewe kwanza jicho lake mwenyewe, kisha jicho moja la mwanawe. Sheria ikapata macho yake mawili, na kijana akabaki akiona.

Ya tatu ni ya jirani zetu Waislamu, imeandikwa katika kitabu cha Imamu Malik. Katika siku za Khalifa Umar, aliyetawala tangu mwaka 634 hata 644, watumwa wa bwana mmoja waliiba ngamia wa mtu, wakamchinja. Umar alikwisha amuru wakatwe mikono, kisha akatambua kwamba bwana wao huwashindisha na njaa. Akaizuia adhabu. Akamwuliza mwenye ngamia thamani ya mnyama wake, akaambiwa dirhamu 400. Umar akamwamuru yule bwana amlipe mwenye ngamia 800.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu, maana nilijiona mwenyewe. Ndugu msomaji, nimekuficha neno moja, nami siku ile niliwaficha wazee wenzangu. Usiku wa kuamkia siku ile mpwa wangu alikuwa na homa. Asubuhi akaniomba apumzike, nami nikamjibu kwamba ng'ombe hawajui homa. Ndiyo sababu alilala chini ya mti.

Je, waona hadithi hizi zinakubaliana katika jambo gani? Shibi hakumwambia mwewe, "Kuwa na huruma, ufe njaa." Zaleucus hakuwaambia waliokwisha tobolewa macho, "Sahauni, huyu ni mwanangu." Umar hakumwambia mwenye ngamia, "Samehe, watu walikuwa na njaa." Kila mmoja alimhurumia mnyonge, na aliyedhulumiwa hakunyimwa chake. Wala gharama hawakumtupia mtu asiyehusika. Aliyelipa ni yule aliyetoa huruma, au yule aliyekuwa chanzo cha kosa. Mimi nilikuwa yote mawili, na nilitaka mjane alipe.

Na sisi Wakristu twapaswa kulijua jambo hili kupita wengine wote. Mwenyezi Mungu hakutusamehe kwa kusema kwamba dhambi si kitu. Alilipa mwenyewe, kwa Damu ya Mwanawe, juu ya Msalaba. Tena mkumbuke Zakayo. Bwana wetu aliingia nyumbani mwake kwa huruma tupu, bila kumdai kitu kwanza. Lakini huruma ile haikuwasahau waliodhulumiwa, maana Zakayo mwenyewe alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne.

Kesho yake nikasimama tena mbele ya watu, nikasimulia habari ya homa. Nikaondoka upande wa wazee, nikaenda kusimama karibu na mpwa wangu. Wazee wakakadiria hasara kuwa magunia sita. Nikayatoa yote sita katika ghala yangu, na mwaka ule nasi tulinunua unga dukani miezi kadhaa. Mke wangu alininunia siku nyingi, wala simlaumu. Kijana naye hakuachwa hivi hivi, kwa maana alilala akiwa kazini, wala hakumwita mtu wa kumsaidia. Akaamriwa kumsaidia mama yule kupalilia msimu uliofuata.

Siku ya kwanza alipokwenda na jembe lake, mama yule alimpa bakuli la uji kabla hajaanza kazi. Mpwa wangu alirudi jioni akanisimulia, nami nikanyamaza kitambo. Uji ule ulitoka ghala ya mama mwenyewe, wala hapana mtu aliyemwamuru.

Basi, ndugu msomaji, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kuwahubiria wengine wasamehe, hasa mkosaji akiwa mtoto wetu na hasara ikiwa ya mwingine. Baba unayeamua ugomvi wa wanao, mama unayegawa chakula, mzee unayeketi barazani, kabla hujasema "samehe", kwanza jiulize swali la mjane yule. Ukiona ghala ni ya mwenzako, funga mdomo, ukaufungue mlango wa ghala yako.