Kabla ya Kumwambia Ajiamini

Dada zetu wanaofanya kazi Marekani wamechoka kuambiwa wajiamini. Wameambiwa kanisani, kwenye semina na kwenye video za simu. Mtu aliyevuka mipaka na watoto mgongoni, akajifunza lugha mpya ukubwani na kulipa kodi ya nyumba kila mwezi, ujasiri anao. Tangu niache kazi katika kampuni ya bima na kuwa kocha wa wanawake wanaofanya kazi, nimeshuhudia jambo moja tena na tena: mwanamke akishajua taratibu zinazomhusu, sauti yake hunyooka yenyewe.

Wateja wangu wako Louisville (Kentucky), Columbus (Ohio) na Buffalo (New York), miji ambako Kiswahili husikika dukani na kwenye basi kwa sababu wakimbizi wengi kutoka Kongo na nchi jirani wamepewa makazi huko. Louisville, "kubeba boksi", kama tunavyoziita kazi za ughaibuni, si msemo tu: kituo kikuu cha UPS huchambua mizigo usiku kucha uwanja wa ndege, na wenzetu wako humo. Columbus wapo kwenye maghala ya upande wa Groveport. Wengine wanatunza wazee. Kati yao wapo waliokuwa walimu na wauguzi nyumbani, na wapo mabinti waliosomea hapa ambao sasa wanaingia benki na hospitali.

Nilipokuwa ofisini nilikaa upande wa wanaoajiri. Kiwango cha chini na cha juu cha mshahara huwa kimeshapangwa kabla mwombaji hajaingia kwenye usaili. Mara nyingi ofa ya kwanza huwa chini ya kile cha juu, na meneja hutarajia kuulizwa. Wengine waliuliza. Dada zetu walisema asante. Tumelelewa hivyo: ukikaribishwa, hukagui sahani. Malezi hayo ni mazuri, lakini mwajiri si mwenyeji wako na mshahara si chakula cha mgeni. Kuona jambo hilo likijirudia ndiko kulikonitoa ofisini.

Kutoka kwenyewe kulihitaji hesabu. Marekani, ukiacha kazi mara nyingi umeacha na bima ya afya. Sheria iitwayo COBRA humruhusu mtu kubaki kwenye bima ya mwajiri kwa kawaida hadi miezi 18, ila analipa gharama yote mwenyewe, na nyongeza ya asilimia 2 juu yake. Njia nyingine ni kununua bima kwenye soko la serikali, ndani ya siku 60 tangu ya zamani iishe. Niliweka akiba kwanza, nikaifahamisha familia, ndipo nikaandika barua. Anayekuambia ufuate ndoto bila kukuuliza bima yako inaisha lini, mshukuru na uende ukapige hesabu.

Dada mmoja wa Columbus alinipigia simu akitoka zamu ya usiku, bado amevaa kizibao cha kuakisi mwanga. Alikuwa ameomba kazi ya mapokezi katika kliniki. Alinisomea barua ya ofa neno kwa neno, kisha akauliza, "Dada, nijibu asante tu?" Nikamwambia, "Kabla ya asante, ungependa kujua nini?" Alinyamaza, halafu maswali yakaja: bima inaanza lini, likizo ni siku ngapi, na kazi hii imetengewa kiwango gani? Tuliyaandika. Aliyasoma kwa sauti, akarudia mpaka kigugumizi kikaisha. Mwajiri alimwongezea kidogo, na maswali mengine yote yakajibiwa kwa maandishi. Sikumpa ushauri wowote; majibu yalikuwa ndani ya maswali yake.

Tena mji unaofanyia kazi una maana, kwa sababu sheria hutofautiana. Jimbo la New York, tangu Septemba 2023, mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi anatakiwa kuonyesha kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi. Dada wa Buffalo aanzie hapo. Columbus, tangu Machi 2024, mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi haruhusiwi kukuuliza ulilipwa kiasi gani kazi iliyopita. Louisville, waajiri binafsi hawabanwi hivyo, kwa hiyo mwanamke ajiandae zaidi. Hata likizo ya uzazi inatofautiana. New York kuna likizo ya familia ya hadi wiki 12 kwa asilimia 67 ya mshahara, kwa kikomo kilichowekwa na jimbo. Kentucky na Ohio wengi wanategemea sheria ya taifa ya 1993: wiki 12 bila malipo, ikiwa mwajiri ana watu 50 au zaidi na umeshafanya kazi mwaka mzima na saa 1,250.

Lilly Ledbetter alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha matairi Alabama bila kujua kwamba wanaume wenye cheo kama chake walimzidi mshahara. Alijua kwa kikaratasi kisicho na jina. Sheria ya usawa wa mishahara yenye jina lake ilisainiwa na Rais Obama Januari 2009. Ukakamavu alikuwa nao siku zote. Kilichomchelewesha ni kutojua. Na sheria ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi wanapozungumza kuhusu mishahara yao wao kwa wao.

Wapo wanaojua yote hayo na kuchagua kubaki zamu ya usiku ili wawachukue watoto shule mchana. Huo nao ni uamuzi kamili, nami nauheshimu.

Kwa hiyo wewe uliye ofisini, huhitaji kuacha kazi ili kufanya haya. Mtafute dada mmoja anayeanza, umweleze mishahara inavyopangwa hapo ulipo na nani wa kuulizwa. Mwambie unachokijua, kisha umwachie aamue.