Nkanka Yangojea Mechi ya Benin

Atokaye Kigali kwenda Nkanka hana budi kuamka mapema. Basi hupita Muhanga, Huye na Nyamagabe, kisha likaingia katika msitu wa Nyungwe, uliotiwa mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa muda mrefu abiria haoni ila miti, ukungu na nyani walioketi kando ya lami kama watoza ushuru. Msitu ukikoma huanza mashamba ya chai, na mwisho wa yote ni Kamembe, makao ya wilaya ya Rusizi, ambayo watu wazima wangali wakiiita Cyangugu. Kutoka hapo hadi Nkanka ni mwendo wa pikipiki.

Nkanka ni moja ya kata 18 za wilaya hiyo. Ni nchi ya vilima vinavyoteremka hadi Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo jioni huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hataipenda. Migomba na mihogo hushuka pamoja na vilima mpaka karibu na maji. Mbele yako ni kisiwa cha Nkombo, na ng'ambo ni Kongo. Lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda, lakini ukiongea Kiswahili hutapotea. Mpaka na mji wa Bukavu umewafunza watu lugha hii muda mrefu kabla Rwanda haijaifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Nilifika huko katika juma la kwanza la Oktoba 2025, kwa shughuli za kazi ambazo hazina haja ya kuelezwa hapa. Jambo lililonivuta nishike kalamu ni mpira.

Kwanza sharti nieleze habari ya mwezi. Wavuvi wa huku huvua sambaza, samaki wadogo jamii ya dagaa, ambao asili yao si ziwa hili; walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950. Msomaji wa Kigoma atawatambua mara moja. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, wavu hushushwa chini ya nuru, na wapiga makasia huimba ili mikono iende pamoja. Lakini taa ina nguvu gizani tu. Mwezi ukiwa mpevu samaki hutawanyika, na mvuvi mwenye akili hukaa nyumbani kushona nyavu. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba mwezi ulikuwa mpevu kabisa. Kwa hiyo wanaume wa ufukweni walikuwa na nafasi, na Ijumaa ya tarehe 10 Rwanda ilikuwa icheze na Benin mjini Kigali.

Hali ya kundi ilikuwa ya kutia mtu wazimu. Hadi mwisho wa Septemba Afrika Kusini iliongoza ikiwa na pointi 17 katika mbio za kwenda Kombe la Dunia la 2026. Ndipo tarehe 29 Septemba FIFA ikainyang'anya pointi tatu kwa kumchezesha dhidi ya Lesotho mchezaji asiyestahili kucheza siku hiyo. Afrika Kusini ikabaki na 14 sawa na Benin. Nigeria na Rwanda zikawa na 11 kila moja, na mechi mbili zimesalia. Mlango uliokaribia kufungwa ukafunguliwa kwa barua.

Mtu angetazamia kelele. Katika miji yetu, wapenzi wa kandanda wakipewa upenyo kama huo huanza kushona sare za safari. Nkanka sikusikia hata mtu mmoja mzima akisema, "Tutashinda." Walisema, "Tukishinda." Silabi moja tu, lakini nilianza kuisikiliza kila nilipokaa.

Kijana mmoja wa sekondari alikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa zake za mwisho zilijaa majedwali. Alimwonyesha mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu: Rwanda ikiifunga Benin, kisha ikaifunga Afrika Kusini kwao tarehe 14, itafika pointi 17. Zimbabwe ikiizuia Afrika Kusini, na Nigeria na Benin zikitoka sare, basi Rwanda ni ya kwanza.

"Mjukuu wangu," mzee akasema bila kuinua macho, "umehesabu mabao yetu?"

"Ndiyo, babu. Tumefunga matano."

"Na tuliyofungwa?"

"Matano."

"Katika mechi ngapi?"

"Nane, babu."

Mzee akaendelea kushona. Hakumkataza kijana kutumaini. Baadaye nilimsikia mwenyewe akiuliza bei ya betri za redio. Alichotaka ni kwamba daftari liwe na kurasa zote mbili.

Hadhari hiyo ina historia, na watu wa Nkanka huieleza kwa miaka kama wengine waelezavyo njaa na mafuriko. Mwaka 2003 timu yao, Amavubi, yaani Nyigu, iliifunga Uganda 1–0 mjini Kampala na Ghana 1–0 mjini Kigali, mabao yote mawili yakiwa ya Jimmy Gatete, ikafuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Kule Tunisia mwaka 2004 ilifungwa 2–1 na wenyeji, ikatoka sare 1–1 na Guinea, kisha ikaifunga Kongo 1–0. Hebu fikiri maana ya bao hilo kwa kata ambayo jirani yake wa ng'ambo ni Mkongo! Hata hivyo pointi nne hazikutosha, na timu ikarudi nyumbani. Sisi Watanzania tuliosubiri tangu Lagos mwaka 1980 hadi Misri mwaka 2019 tusiwacheke.

Deni la bao lile lililipwa Januari 2016, Rwanda ilipoandaa michuano ya wachezaji wa ligi za ndani. Wenyeji waliingia robo fainali wakiwa na matumaini makubwa. Kongo ikawafunga 2–1 katika muda wa nyongeza, kisha ikachukua kombe. Nilisimuliwa kwamba siku zile utani ulivuka mpaka pamoja na mihogo na maharage, na ulipokewa kwa uungwana kwa sababu mteja wa jana ndiye mteja wa kesho. Anayejigamba Ijumaa hukutana na aliowadharau Jumatatu, wakiwa wameshika mizani. Vita vilifika Bukavu Februari 2025, na yapo mambo ambayo watu wa huku sasa hawayafanyii mzaha.

Lakini kidonda kilichokuwa kibichi kuliko vyote ni cha Benin yenyewe. Juni 2024 iliifunga Rwanda 1–0. Oktoba mwaka huo, katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa, iliifunga 3–0 mjini Abidjan, na siku nne baadaye Rwanda ikajibu 2–1 mjini Kigali. Mwezi uliofuata Rwanda ilifanya jambo ambalo wachache walilitegemea: iliifunga Nigeria 2–1 huko Uyo. Ikamaliza na pointi 8, Benin nayo 8, na Benin ikapita kwa mabao ya mechi zao mbili. Kumpiga simba pangoni mwake kisha ukakosa nyama! Askari wanaosoma ukurasa huu wanaijua siku ya namna hiyo, ambapo kila kikosi kimefanya kazi yake na kilima hakikutwaliwa.

Sasa nije kwenye jambo la nyumbani, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Matumaini ya mpira zamani yaligharimu sauti tu. Siku hizi yana dirisha la kulipia. Vibanda vya kubashiri matokeo vimeenea mijini, na simu imekifanya kila kitanda kuwa kibanda. Serikali ya Rwanda mwaka 2025 iliongeza kodi ya biashara hiyo, lakini kodi haimzuii mume aliyeshawishika saa tatu usiku. Katika nyumba moja nilikokaribishwa chakula, baba alianza kueleza, kwa upole na kwa mzunguko mrefu, jinsi Benin inavyoweza kufungika. Mkewe, aliyekuwa ameuza sambaza wakavu sokoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto," akasema, "hesabu yako ni nzuri. Lakini hizi ni za shule." Akafunga tena pindo la kitenge chake.

Mume akacheka, nasi tukala. Sikuona ugomvi, wala sikuona kwamba mama yule aliipenda timu kidogo kuliko mumewe. Ndiye aliyetaka kujua kama kipa ana afya. Kuna wanaosema kwamba shabiki asiyeweka fedha hana imani. Naona ni upuuzi. Yule mama alikuwa na imani nyingi, ila hakuwa tayari karo ya wanawe iende Kigali kucheza.

Ijumaa jioni watu walikusanyika penye televisheni, wengine wamesimama dirishani, na redio mbili zikitangaza kwa pamoja ili umeme ukikatika pasiwe na hasara. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Nikaona jambo la ajabu: kadiri dakika zilivyokwenda, wale wale waliosema "tukishinda" juma zima walianza kusema "tutashinda", kwanza vijana, kisha wazee, kisha, nakiri, hata mimi mgeni. Zikiwa zimesalia dakika chache Benin ikapata bao. Kukawa kimya, ila redio moja iliyochelewa kidogo ikawa bado inasifu ulinzi wa Rwanda.

Habari ya Durban iliingia usiku. Zimbabwe ilikuwa imeizuia Afrika Kusini 0–0, barabara kama daftari lilivyotaka. Kijana alitia alama ya vema kwenye mstari huo, mmoja peke yake katika ukurasa mzima.

Jumanne ya tarehe 14 Afrika Kusini iliifunga Rwanda 3–0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, na siku hiyo hiyo Nigeria ikaitandika Benin 4–0. Rwanda ikabaki na zile pointi 11. Kwa wakati huo mwezi ulikuwa umepungua kiasi cha kuchelewa kuchomoza, na ufukweni wanaume walikuwa wakikagua taa.