Mwasumini wa Nyumbani

Katika nyumba za mawe za Mji wa Unguja, ambako kuta ni nene na vichochoro ni vyembamba, watu wengi hawana bustani. Wana kipande cha uani, au sakafu ya darini. Hapo huweka debe la udongo, na mara nyingi katika debe hilo humea mwasumini.

Mti huu asili yake ni pande za Bara Hindi, na jina lake tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi. Mbegu hautoi ila kwa nadra, basi hupandwa kwa kukata kijiti na kukichomeka udongoni. Maua yake meupe hufunguka jua likichwa, na kesho yake hunyauka. Kwa hiyo wanawake huchuma vitumba jioni kabla havijafunguka, wakavitunga uzini, au wakavifunga pamoja na rihani na mkadi kuwa kikuba. Labda kwa kuwa ua hili halingoji, washairi hulifananisha na mpenzi, na harusini halikosi.

Msomaji utakaye kuupanda, uupe jua la nusu siku. Kivulini utakupa majani tu, mazuri kweli, lakini si maua. Wakati wa kaskazi uumwagilie kila siku, ila debe litobolewe chini, maana mizizi ikikaa majini huoza. Tena ukatwe matawi, kwani maua huzaliwa juu ya machipukizi mapya.

Hapo penye kukata ndipo tulipopata shida nyumbani. Bibi yangu hana macho tena, naye husema kwamba kwake jioni haijafika mpaka harufu ya asumini imfikie kitini pake. Mwaka huu mti ulikuwa umezeeka na maua yamekuwa haba. Ndugu zangu walisema usikatwe, kwani kumnyima mzee harufu ile kwa majuma mengi ni kumzidishia giza. Mimi nilisema usipokatwa, mwakani hakutakuwa na cha kunusa. Tulibishana kwa sauti ya chini, naye akasikia. Akaniita, akapapasa matawi kwa vidole, akanionyesha mahali pa kukata, chini kuliko nilivyothubutu mimi.

"Kata, mjukuu wangu," akasema. "Nitangoja."

Sasa ni juma la sita. Machipukizi yametoka mawili mawili, na leo asubuhi nimeona kitumba cha kwanza, kidogo kama punje ya mchele. Sijamwambia bado.