Nyumba za Mabinti wa Ngazidja

Sisi watu wa Butembo bahari tunaisikia tu. Bidhaa zinazojaza maduka yetu zimeshushwa Mombasa, zikapita Kampala na kuvuka mpaka Kasindi, lakini wengi wetu hatujawahi kuonja maji ya chumvi. Mimi vanila ndiyo iliyonifikisha Komoro. Wakulima wa upande wa Beni wanaipanda, nami nilitaka kuona inavyotunzwa na watu ambao babu zao waliilima kabla yetu. Daftari langu, hata hivyo, limejaa zaidi habari za nyumba.

Komoro ni visiwa vitatu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, katikati ya Msumbiji na Madagaska. Cha nne, Maore, kilibaki kwa Wafaransa: katika kura ya maoni ya Desemba 1974 wengi wa watu wake walikataa uhuru, na wenzao wakautangaza bila wao tarehe 6 Julai 1975. Watu wa nchi nzima hawafiki milioni moja. Visiwa vyote vinne ukivipanga ndani ya teritwari yetu ya Lubero, nafasi kubwa ingebaki. Hata hivyo wana bunge, rais, sarafu na wimbo wa taifa, na fundi wa Moroni anaweza kukueleza kisa cha kila rais tangu uhuru kama anayesimulia habari za majirani zake.

Kutoka uwanja wa ndege wa Hahaya hadi Moroni, barabara inapita juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Karthala. Mlima huo una mita 2,361 na bado uko hai. Mtu wa Kivu Kaskazini anayajua mawe hayo, maana Goma imejengwa juu ya mawe ya namna hiyo. Kilichonishangaza ni maji. Ngazidja inanyeshewa sana, lakini haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu mvua inazama moja kwa moja ndani ya mwamba. Ndiyo maana pembeni ya nyumba nyingi kuna birika kubwa la saruji linalopokea maji ya bati. Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo na vijiji vikabaki na kiu huku mawingu yamejaa mvua. Mimi nimekulia kwenye vilima vyenye chemchemi, na mto Kimemi tunauvuka kila siku bila kuutazama. Kule kila mama anajua birika lake limebakiza kiasi gani.

Vanila nilionyeshwa na mama mmoja mwenye shamba dogo chini ya migomba. Ua lake hufunguka asubuhi, na kabla ya siku kwisha limenyauka. Wadudu wa visiwa hivyo hawaliwezi, kwa hiyo ni lazima mkono wa mtu ufanye kazi yao. Alishika ua kwa vidole vya kushoto, akalipasua kidogo kwa kijiti kilichochongwa kama mwiba, akainua kijiwambo kinachotenga dume na jike, kisha akavibana pamoja kwa kidole gumba. Alimaliza kabla sijaelewa ameanza. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion aliyekuwa na miaka 12 tu, na hadi leo mikono inaifuata. Ganda linahitaji kama miezi tisa kukomaa. Baada ya hapo linachovywa katika maji ya moto, linafunikwa kwa blanketi litoe jasho, kisha linaanikwa na kuanuliwa siku baada ya siku. Kwetu wapo wakulima wanaolichuma bichi kwa hofu ya wezi, halafu mnunuzi wa Kampala anawapa bei ya kitu kibichi.

Mchana alinipakulia mataba. Nilipoifunua sahani nilicheka kwa furaha: ni sombe! Majani ya muhogo yametwangwa kama anavyotwanga mama yangu, ila badala ya mawese wametia tui la nazi, na badala ya bugali kuna wali.

Jioni wanaume hukusanyika bangwe, yaani uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe. Butembo mwanaume anayeonekana ameketi barabarani huulizwa kama ni mgonjwa. Heshima yake iko katika duka, lori na nyumba ya etaji. Ngazidja kuketi ni cheo, na mahali unapoketi panasema wewe ni nani. Waliofanya àda, ile harusi kubwa, wana nafasi yao, mavazi yao na haki ya kusema katika mambo ya mji. Asiyeifanya huhesabiwa mtoto wa mji hata akiwa na mvi na wajukuu. Kwa kawaida mtu huifanya akiwa ameshaoa miaka mingi. Bibi harusi anapewa dhahabu, ng'ombe wanachinjwa, mji mzima unalishwa, na wanaoishi Marseille hurudi kila Julai na Agosti kulipa walichokusanya maisha yao yote. Hakuna pombe hata tone, jambo ambalo wajomba zangu wanaokunywa kasiksi wasingeliamini.

Hapo bangwe nilikutana na mzee aliyezaliwa Zanzibar na kuondoka akiwa mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilimuuliza nyumba yake ni ipi.

"Mwanangu, mimi sina nyumba," alisema. "Naishi kwa mke wangu."

"Na mkiachana, mzee?"

"Nachukua nguo zangu naondoka."

Hakuwa maskini. Ndivyo ilivyo kisiwani kote: baba, wajomba na kaka wanamjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia. Vyuma vinavyochomoza juu ya mapaa ya Moroni vinangoja chumba cha mdogo mtu. Ardhi ya ukoo nayo, wanayoiita manyahuli, inapita kutoka mama kwenda binti, na kaka hawezi kuiuza. Na hawa ni Waislamu karibu wote, wenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1427 pale bandarini.

Sisi Wanande tunatoa mbuzi, na msichana anahamia kwa mumewe. Nimehudhuria vilio vingi Butembo ambapo, kabla hata kaburi halijakauka, ndugu za marehemu wameuliza hati za parseli ziko wapi. Mjane aliyeuza maharagwe miaka 20 ili bati lipatikane anaambiwa alikuja na mkoba tu, na kwa mkoba ataondoka. Usiku ule Moroni niliwaza majina ya wajane ninaowajua, nikashindwa kulala.

Sitaki kusema Ngazidja ni peponi. Àda inawafilisi watu, na fedha zinazoliwa kwa wiki chache zingejenga shule. Rais Ali Soilih alipotawala, kuanzia 1976 hadi 1978, alijaribu kuikomesha. Alipinduliwa na kuuawa, na àda ikarudi. Upande huo naona sisi tumewazidi: Butembo mtu hupata jina kwa kufanya biashara, na fedha yake huzaa kazi kwa wengine. Lakini mtu wa Ngazidja, hata akifilisika, anamwachia binti yake paa ambalo hakuna shemeji wa kulidai.

Sheria tunayo. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa kike na wa kiume mafungu sawa ya urithi, na inamlinda mjane katika nyumba aliyoishi na mumewe. Kinachokosekana ni karatasi yenye jina. Baba unayepandisha etaji ya pili leo Butembo au Beni, nenda kaandikishe parseli moja kwa jina la binti yako, na uifanye kazi hiyo ukingali hai.