Gazi: Chini ya Mikoko, Kila Kiumbe na Riziki Yake

Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya Lunga Lunga, ukapita Ukunda, utafika mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka Mombasa kabla ya kukata kushoto kuelekea baharini. Hapo ndipo kijiji cha Gazi. Likizo iliyopita nilikwenda huko pamoja na binti yangu wa miaka kumi kumzuru khalati, mdogo wake marehemu mama. Tulichagua siku ya bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, ili tupate kuutazama msitu wa mikoko ukiwa wazi.

Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao, iliyoinuliwa juu ya matope na kupinda baina ya miti. Tulikuwa hatujakwenda mbali binti yangu aliposimama. Chini ya mkoko mmoja mkubwa palikuwa na miche isiyohesabika, yote kimo kimoja, imesongamana kama watoto wa chuoni.

“Mama, hii yote itakuwa miti?”

Khalati alinitangulia kujibu. “Ukiishi hata mmoja, mjukuu wangu, ni baraka.”

“Basi mti ulizaa yote hii ya nini?”

Swali la mtoto lilinikaa moyoni. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mama yake, ikaning'inia mfano wa bamia ndefu ya kijani, kisha huanguka. Nyingine hujichoma matopeni, nyingine huchukuliwa na maji, na nyingine huliwa na kaa. Zilizosalimika hujikuta katika kivuli cha wakubwa wao, nazo hungoja. Siku mti mzee utakapoanguka, mwanga utapenya mahali pale, na miche yote itaanza kushindana kuufikia. Mmoja au miwili itapanda, na iliyobaki itadhoofika na kufa.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kila chenye uhai huzaa zaidi ya kile ambacho mahali pake panaweza kulea, kwa kuwa hatari ni nyingi na watakaopona ni wachache. Lakini jua, maji na matope havizidi kwa sababu watoto wamezidi. Na ushindani mkali kabisa huwa baina ya wanaofanana. Ndege mla samaki hana haja na kile unachokitaka mche; mche wa pembeni yake ndio unaotaka mwanga uleule, saa ileile.

Hatua chache mbele tuliwaona kaa wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, akilipunga hewani. Kwa gando hilo huwaita majike na kuwatisha madume wenziwe wanaolitamani shimo lake. Jike hula kwa magando mawili madogo, naye dume amebakiwa na moja tu la kulia, kwa kuwa la pili amelifanya silaha. Binti yangu alicheka, lakini mimi niliona humo gharama ya ushindani: mkono unaopigana haupeleki chakula kinywani. Ndiyo maana mara nyingi madume hupimana tu, mnyonge akarudi nyuma kabla ya kuumizana.

Khalati alituonyesha pia kwamba miti yenyewe haikuchanganyika ovyo. Mlilana umesimama ukingoni mwa bahari, unakopigwa na mawimbi. Nyuma yake uko mkoko, wenye mizizi iliyoachana kama miguu ya pweza. Kisha unakuja mkandaa, na karibu na nchi kavu, penye chumvi kali, upo mchu mfupi. Kila mmoja umeshika pale unapostahimili kuliko mwenziwe. Utulivu ule tulioupenda ni mgao uliotokana na mvutano wa muda mrefu.

Yuko mshindani mwingine ambaye hangoji mti mzee uanguke. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda, zikiwemo tanuri za matofali. Sehemu zilizofyekwa zilibaki uwanda mtupu, kwani hapakuwa tena na miti mama ya kuangusha mbegu, na mchanga ulikuwa ukihamahama. Tangu miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wamekuwa wakipanda upya. Mwaka 2013 ulianza mpango wa Mikoko Pamoja, ambao huuza haki za hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu, na fedha zake zimesaidia maji na shule za kijiji.

Nilitaraji khalati asifu tu. Akasema, “Hapa nilikuwa nikikata kuni na mama yako. Miti imepona, alhamdulillahi, lakini jiko langu halijui hilo.” Kijijini imepandwa mivinje ili watu wapate kuni bila kuugusa msitu, naye hununua mzigo wake kama wengine. Nilimwuliza kama angependa mambo yarudi ya zamani. Alinyamaza kidogo. “La. Samaki wadogo hujificha katika mizizi ile. Nikiyachoma makazi yao, kesho nitakaanga nini?”

Mche hauwezi kusema umetosheka, wala kaa hawezi. Sisi tumepewa uwezo huo, nao una bei, na bei hiyo aghalabu hulipwa jikoni na mwanamke. Anayefurahia kivuli cha msitu akumbuke nani amejinyima kuni.

Binti yangu aliokota mbegu moja akataka kuja nayo Mombasa. Khalati alimzuia kwa upole, akamwonyesha mahali palipo wazi. “Ichomeke pale penye jua.” Aliichomeka, matope yakamfika magotini. Maji yalikuwa yameanza kujaa, tukarudi.

Msomaji wetu, ukijaaliwa kwenda na watoto, nenda wakati wa maji kupwa, na kiingilio uwape kina mama wa njia ya mbao.