Mtoto Anaposema Tumbo Linamuuma



Wapendwa waamini, somo la kwanza la Dominika ya 13 ya Mwaka A latuletea mwanamke wa Shunemu, aliyemkaribisha nabii Elisha nyumbani mwake akaahidiwa mtoto. Kanisani somo huishia hapo. Atakayeendelea na sura hiyo ya 4 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme atakuta kwamba mtoto alikua, akamfuata baba yake kwa wavunaji, na huko akalalamika kichwa. Baba akamwamuru mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mama alimpakata hadi adhuhuri. Habari za baba kuacha mavuno hazimo.

Baba huyo tunamfahamu, kwa maana tumewahi kuwa yeye.

Miaka michache iliyopita, katika darasa la Komunyo ya Kwanza, alikuwamo mtoto wa miaka 9 ambaye karibu kila juma alishika tumbo na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Katika daftari la mahudhurio iliandikwa: utoro. Nasi tulipolipitia daftari hilo kabla ya sherehe, tulilikata jina lake kwa kalamu nyekundu, bila kumwita mtoto wala mzazi. Tulijiambia kwamba tunalinda heshima ya Sakramenti. Ukweli ni kwamba tulikuwa na haraka, na tulikwisha kuamua kuwa mtoto anayecheza mpira saa kumi hawezi kuwa aliumwa saa nne. Siku ya sherehe alikaa benchi la nyuma akiwa na nguo zake za kila siku.

Juma lililofuata mama yake alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na majibu ya choo, mkojo na damu, pamoja na picha ya ultrasaundi. Dawa za minyoo mtoto alikwisha kunywa. Majirani walisema ni mchango. Ndugu wengine walitaka apelekwe kwa mganga. “Baba Paroko,” alisema, “kila hospitali ikisema hana kitu, nyumbani anachapwa.”

Tulimwendea daktari mmoja, muumini mwenzenu, atufundishe. Jambo hili si geni. Mwaka 1958 daktari Mwingereza John Apley na mwenzake Naish walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,000, wakakuta takriban mmoja kati ya kila 10 ana maumivu ya tumbo yanayojirudia, makali kiasi cha kumkatiza shughuli zake. Wengi wa watoto wa namna hii hawaonekani na kidonda wala uvimbe. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, unaozungumza na ubongo mchana na usiku. Baada ya ugonjwa wa kuhara, au katika hofu na huzuni, mishipa hiyo yaweza kuwa nyepesi mno wa kuhisi, hata gesi na mwendo wa chakula, ambao sisi hatuusikii, ukamwuma mtoto kwelikweli.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya watoto kama hao kuhusu miili yao, hisia zao, wenzao na shule. Wale ambao vipimo vinasema hawana kitu waliyaona maisha yao kuwa duni karibu sawa na watoto wenye ugonjwa wa utumbo unaoonekana kwa vipimo. Tulisoma habari hiyo mara mbili, tukiikumbuka ile kalamu nyekundu.

Hatusemi vipimo viachwe. Kwetu kuna kichocho, minyoo na selimundu, navyo havina budi kutafutwa kwanza. Mtoto anayepungua uzito, mwenye homa, damu chooni au matapishi ya kijani, anayeamshwa na maumivu usiku, au anayeumwa mbali na kitovu, apelekwe hospitali bila kukawia. Lakini vipimo vikiwa safi, daktari alisema, mtoto aambiwe kwamba anaaminiwa, arudishwe shuleni taratibu, wala asiulizwe tumbo kila saa.

Kisha akatuuliza kuhusu vyoo. Watoto wengi hujizuia haja kwa kuogopa choo cha shule, wakafunga choo, na tumbo likauma zaidi. Tulikwenda kukitazama choo cha watoto cha parokia. Hakikuwa na mlango, palitundikwa gunia.

Tulimwomba mtoto radhi mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Aliomba tu aruhusiwe kukaa karibu na mlango wa darasa, atoke bila kunyoosha mkono. Alipokea Komunyo mwaka uliofuata, akiwa mrefu kuliko wenzake wote katika mstari. Maumivu humrudia bado, ingawa si kila juma.

Choo sasa kina mlango na komeo la ndani. Wazazi wa watoto wa mafundisho, tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi, na daktari atakuwapo. Tunawaomba akina baba nao waje.