Motokaa ya Parokia na Pori la Rungwa

Kama wakaa karibu na Itigi, penye Reli ya Kati, waijua njia ile ishikayo kusini kwenda Rungwa na Makongolosi, hata Chunya na Mbeya. Kutoka Mkiwa, kwa kupitia Itigi, hata Makongolosi ni kilometa 413. Mwanzo ni vichaka vilivyosongamana, kisha miombo, kisha Pori la Akiba la Rungwa lenye tembo na mbung'o. Vijiji vi mbalimbali sana.

Mwaka juzi tulipita huko watu saba katika Land Cruiser ya parokia, tukienda Mbeya kumwona kijana wetu akipewa Daraja Takatifu ya Upadre. Mimi karani ndimi niliyepewa kazi ya kuandika vyombo vya safari. Niliandika: mpira wa akiba, jeki, spana, maji madebe mawili. Kila kitu nikakitia alama ya wino. Boneti sikuifungua, maana nilidhani hiyo ni kazi ya dereva. Naye alidhani nimekwisha kuangalia.

Saa saba mchana mpira wa rejeta ulipasuka, maji yote yakamwagika. Rejeta yenyewe ilikuwa imezibwa na mbegu za majani. Dereva aliufunga ule mpira kwa ukanda wa tyubu kuukuu, akaufunga vizuri, kisha akaniomba maji. Debe moja tulikuwa tumekwisha kulinywa. Katika debe la pili palikuwa na kinywaji chetu sote, na pamoja nasi alikuwamo mama mwenye mtoto mchanga anyonyaye.

Baba Paroko alisema tungoje. Injini ikiwa moto huwezi kuitia maji baridi, wala kufungua kifuniko cha rejeta, kwa kuwa mvuke utakuunguza uso. Jua liliposhuka tulitia nusu debe, nusu tukamwachia mama. Tulikwenda polepole, tukisimama mara kwa mara, hata lori moja likatukuta alfajiri likatugawia maji. Usiku kucha mama yule alimfunika mtoto kanga, wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi sasa nahesabu hivi. Mtu mmoja katika jua lile ataka lita 5 kwa siku. Watu saba kwa siku mbili ni lita 70, yaani madebe matatu na nusu ya lita 20, na la gari ni mbali, halichanganywi. Ni kilo 70 na zaidi. Kwa hiyo mizigo mingine ipungue. Madebe hukaa chini, katikati, si juu ya paa, maana gari lililolemewa juu hupinduka upesi.

Mbele ya rejeta tumefunga wavu mwembamba wa kuzuia mbegu. Majani makavu yanayonasa chini, karibu na bomba la moshi, huondolewa kila tusimamapo, maana yaweza kushika moto. Mpira wa akiba hupimwa upepo. Jeki ina ubao wake, isizame mchangani. Penye mchanga mwingi tunapunguza upepo wa magurudumu kidogo ili yatandae, na pampu ipo ya kuujaza tena. Gari letu ni la zamani. Huwezi kuvuta kwa magurudumu yote manne bila kushuka kwanza na kufunga vitovu vya mbele kwa mkono. Wengi hulikumbuka hilo wakiwa wamekwisha kuzama.

Na nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani. Mbung'o huzipenda, tena hulifuata gari liendalo.

Jumatatu tunaondoka tena, dereva nami tumelala chini ya gari siku mbili kwa zamu. Mama yule atakuwamo. Mtoto wake sasa anakimbia, na jana alikuja kunisaidia kujaza madebe, akalowa mwili mzima.